Nati ya Tano

Gurudumu la Toyota Noah hushikwa na nati tano. Nne ni za kawaida, pembe sita, milimita 21, na spana yoyote ya tairi inazifahamu. Ya tano, ikiwa mwenye gari wa kwanza kule Japani alikuwa mtu wa kujihadhari na wezi wa rimu, ni nati ya loki: haina pembe hata moja. Ni duara tupu, laini, linalong'aa, na usoni lina mfereji mwembamba unaopinda huku na huku bila utaratibu ambao jicho linaweza kuukariri. Spana ikifika hapo haina pa kushika. Kinachoingia ni kipande kimoja tu cha chuma, kinachoenea kiganjani, chenye ukingo ulioinuka unaofuata mapindo yale yale. Unakibana usoni mwa nati, unaivika spana mgongoni mwake, unafungua. Kipande hicho ndicho ufunguo, na kwenye magari mengi yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, ufunguo huo haupo.

Haupo kwa sababu za kawaida kabisa. Gari lililotumika hupita mikononi mwa watu wengi: anayeliuza, watu wa mnada, yadi ya kule, bandari ya kule, meli, bandari ya huku, wakala wa forodha, dereva wa kulipeleka yadi, na mwisho mnunuzi. Njiani humo jeki hupotea, spana hupotea, na kijipande kisichojulikana ni cha nini hutupwa na mtu anayesafisha buti bila nia yoyote mbaya. Mwenye gari wa sasa hana habari. Anaendesha miezi na miezi, mpaka siku tairi linapopata pancha, labda Chalinze, labda Voi, ndipo anapogundua kwamba nati nne zimemtii na ya tano imemkatalia.

Kuitoa nati hiyo bila ufunguo si muujiza. Yeyote mwenye nyundo kubwa na hasira za kutosha ataitoa. Ninaowasifia hapa ni mafundi wachache ambao baada ya nati kutoka, hakuna kingine kilichoumia: rimu haina mkwaruzo, stadi imesimama na nyuzi zake zote, breki haijaguswa, na mwenye gari akiinama kutazama tundu ilimokuwa nati, haoni dalili kwamba palikuwa na vita. Kazi yao inapimwa kwa vitu walivyoviacha salama.

Ninayemfikiria zaidi ni mzee mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, ambaye gereji nyingine humpelekea magari yaliyowashinda. Hana kibao. Ana meza ya chuma, ndoo ya soketi kuukuu, nyundo tatu, na kigoda anachokalia mbele ya gurudumu ili macho yake yawe sawa na nati. Kazi anaianza kwa jambo ambalo wateja wengi huliona ni kupotezeana muda.

“Shikamoo mzee. Ufunguo hatuna, tumeshatafuta.”

“Marahaba mama. Mmetafuta wapi?”

“Gari zima.”

“Haya, ngoja na mimi nitafute. Kutafuta silipishi.”

Anajua funguo zinakojificha. Kwenye mfuko wa jeki. Chini ya tairi la akiba, ndani ya sponji iliyochongwa kushika zana, mahali ambapo kidole lazima kiingie kwa sababu jicho halifiki. Kwenye kisanduku cha mbele ya abiria, nyuma ya kile kitabu cha Kijapani ambacho hakuna aliyewahi kukifungua. Kwenye gari la Volkswagen au Audi, ambalo badala ya nati lina bolti zilizofunikwa vikofia vya plastiki, ufunguo huwa pamoja na kijindoano cha kuvutia vikofia hivyo. Wakati mwingine kinachopatikana ni kadi yenye namba ya ufunguo tu, na namba hiyo inatosha kuagizia mwingine, mteja akiwa na subira. Ufunguo ukionekana, mzee anafungua nati zote kwa dakika chache, anadai pesa kidogo, na haonyeshi masikitiko kwamba ujuzi wake haukuhitajika. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Usipoonekana, basi anakalia kigoda chake na kuitazama nati kwa muda mrefu kuliko mteja anavyopenda. Ni nati ya kuheshimiwa. Waliozitengeneza walijua ni watu wa aina gani watakuja na zana gani. McGard, kampuni ya Orchard Park katika jimbo la New York, huchora mapindo ya mfereji kwa kompyuta, na mfereji wenyewe huwa mwembamba hivi kwamba bisibisi haipati pa kuingilia. Wajapani wana za kwao, kama Bull Lock za KYO-EI. Chuma cha nati hizi ni cha pua kilichopikwa kikawa kigumu: ukipitisha tupa juu yake, tupa inateleza, inaacha mng'aro tu, haili. Nyingine huchongwa zikapungua kuelekea mbele, ili koleo likibana lichomoke lenyewe.

Ugumu wa chuma, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni msuguano. Toyota huagiza nati za magari yake madogo zikazwe kwa nyutoni mita 103, ambayo ni sawa na kuning'iniza kilo 21 kwenye ncha ya spana ya nusu mita. Katika nguvu yote hiyo, takriban sehemu moja kwa kumi ndiyo inayoivuta stadi na kulibana gurudumu. Sehemu tisa huliwa na msuguano, ndani ya nyuzi na pale mdomo wa nati unapokaa kwenye rimu. Sasa ongeza kutu, ongeza vumbi la breki, ongeza chumvi ya hewa ya pwani, ongeza kijana wa pancha aliyekaza kwa mashine ya upepo mpaka nati ikalia, na msuguano unakuwa ndio bwana wa kila kitu. Mzee hajawahi kunitajia hesabu hii. Lakini kila anachofanya kinaifuata, kuliko ninavyoweza kusema kwa wahandisi wengi waliosoma.

Kwanza, hamtaki mteja aliyekwisha kuzifungua zile nne. Watu wengi hufanya hivyo, kwa kuwa ni kawaida ya binadamu kuanza na rahisi. Lakini nne zikilegea, gurudumu zima linaegemea ile ya tano. Rimu inainama kidogo, mdomo wa nati unabanwa upande mmoja, na stadi inapinda kiasi kisichoonekana. Nati iliyokuwa ngumu inakuwa ngumu maradufu. Kwa hiyo mzee anazirudisha zote nne na kuzikaza, mbili za jirani zaidi kidogo ya kawaida, ili zimpokee mwenzao mzigo. Gari linabaki chini, tairi juu ya lami, breki ya mkono juu, jiwe nyuma ya tairi. Jeki bado. Nati ya loki lazima iwe ya kwanza kutoka, wenzake wakiwa kazini.

Kisha anasafisha. Brashi ya waya, kitambaa, upepo wa mdomo. Hapa mafundi wengi humimina mafuta, na wengine wana mchanganyiko wao, mafuta ya gia za otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, ambao kweli hupenya kutu vizuri. Mzee humimina kwa baadhi ya nati tu. Nati iliyo wazi mbele, ambayo ncha ya stadi inaonekana, inafaidika. Nati ya kofia, iliyozibwa usoni, haifaidiki na chochote kinachomwagwa mbele yake. Mafuta yanashuka kwenye rimu na kuchafua lami. Anasema wanaoimwagia hiyo wanamwagia mteja, aone kuna kitu kinafanyika.

Baada ya usafi anakata ukanda kutoka kwenye dumu la plastiki, anaukunja na kuuvika ndani ya tundu la rimu, kuzunguka nati. Chuma kikiteleza, kitaparura plastiki. Rimu za aloi ni alumini, na alumini haisamehe. Mkwaruzo wa sekunde moja unabaki miaka.

Sasa ndoo ya soketi. Ndani yake zimo za kila ukubwa, zote za pembe 12, zote zimenunuliwa kuukuu kwa makusudi ya kuharibiwa. Za pembe sita hazitaki kwa kazi hii. Soketi ya pembe sita imeumbwa kushika nati yenye pembe sita, na kwa duara inagusa mahali sita tu. Ya pembe 12 ina meno mara mbili, na kila jino likijichimbia kidogo, jumla yake inatosha. Anajaribu moja inayoingia kwa ulegevu, anaitoa. Anajaribu inayofuata kwa udogo, ambayo haiingii. Hiyo ndiyo. Mara nyingi tofauti kati ya hizo mbili ni milimita moja, na kazi yote iko ndani ya milimita hiyo. Ikiwa tundu la rimu ni jembamba na ukuta wa soketi ni mnene, anaipeleka soketi kwenye grenda na kuinyoa nje huku akiizungusha kwa vidole, akiichovya majini kila baada ya muda mfupi isije ikapoteza ugumu wake. Siku hizi zinauzwa soketi maalumu zenye meno yaliyojipinda ndani, ambazo kadiri unavyofungua ndivyo zinavyozidi kung'ata. Anazo, na anakiri ni nzuri. Tatizo lake ni hilo hilo la unene: matundu mengi ya rimu za kisasa hayazipokei.

Kupiga nyundo ndiyo sehemu ninayoweza kuitazama siku nzima. Anaishika soketi kwa mkono wa kushoto, anaiweka mdomoni mwa nati, na kupiga mara ya kwanza polepole sana, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa. Mlio wa kwanza ni mwembamba na wenye mwangwi. Soketi bado imekaa juu juu, inatikisika. Anazungusha soketi kidogo sana, anapiga tena. Anatafuta mahali ambapo meno yote 12 yanaanza kula kwa pamoja, kwa sababu soketi ikiingia upande, itapasuka. Akishapata, mapigo yanakuwa mazito na yenye nafasi kati yake. Na mlio unabadilika. Kila pigo linashuka sauti, mwangwi unapungua, mpaka unafika wakati ambapo nyundo hailii tena kwenye soketi bali kwenye gari zima; sauti ni fupi, nzito, imekufa. Soketi na nati zimekuwa kitu kimoja. Hapo anaacha. Nimewahi kuona vijana wakiendelea kupiga baada ya sauti hiyo, kwa furaha tu ya kupiga, na soketi ikapasuka kutoka mdomoni hadi mgongoni. Soketi zinazong'aa ni ngumu lakini ni tete. Mzee hazipendi; akipata nyeusi za mashine ya upepo, ambazo chuma chake huvumilia kishindo, huzitunza kwa siku za shida.

Mapigo hayo yana faida ya pili ambayo mteja haioni. Kila kishindo kinapita ndani ya nati, kinafika kwenye nyuzi na kwenye mdomo unaokaa rimuni, kinapasua kutu na kuitikisa ile sehemu tisa kwa kumi. Kwa hiyo soketi inapokuwa imekaa barabara, nati nayo imekwisha kuanza kuchoka.

Kuzungusha hakuna haraka. Anatumia mpini mrefu, si bomba. Bomba, anasema, linakupa nguvu lakini linakunyima habari: huwezi kuhisi kama kinachosogea ni nati au ni soketi inayoteleza. Anaweka mkono mmoja juu ya kichwa cha mpini kuusukuma kuelekea garini, usichomoke, na mwingine kwenye ncha. Anavuta taratibu na kushikilia, mpaka uzito wake wote umeegemea hapo, na anasubiri. Kutikisatikisa kunachosha meno; mvuto mmoja unaokua unayapa nafasi ya kung'ata. Ama kinatokea kimya, ama mlio mkali mfupi kama wa mti mkavu, ambao mara ya kwanza utakufanya udhani stadi imekatika. Haijakatika. Ni msuguano ulioachia wote kwa mara moja. Baada ya hapo nati inazunguka kwa mkono.

Inatoka ikiwa imekwama ndani ya soketi. Mzee anageuza soketi, anapitisha fimbo ya chuma kwenye tundu la mraba la nyuma, anagonga, nati inaanguka. Soketi iko tayari kwa gurudumu la pili, kama mdomo wake haujatanuka. Gari lina magurudumu manne, na kila moja lina nati yake ya namna hiyo.

Si zote zinazokubali. Adui mkubwa ni nati yenye pete ya nje inayozunguka yenyewe. Walioibuni walikuwa wameshamwona mtu mwenye soketi na nyundo: unapiga, inakaa, unazungusha, pete inazunguka nawe kwa raha zake, na nati ndani haijui lolote. Dawa yake ni kuiondoa pete kwanza. Mzee hutumia tindo nyembamba aliyoinoa mwenyewe, anaipasua pete mahali pamoja, kisha mahali pa pili, na kuitoa vipande viwili kwa koleo. Ni kazi ya robo saa ndani ya tundu lisiloruhusu tindo kulala, na kila pigo linaelekezwa mbali na rimu. Chini ya pete kuna mwili wa nati, mdogo zaidi, na biashara ya soketi inaanza upya.

Tindo hiyo hiyo anaitumia kwa njia nyingine kwa nati zilizochomoza nje vya kutosha. Anachimba alama ukingoni, kisha anailaza tindo kwa pembe na kuigonga nati kuelekea upande wa kufungulia. Inasogea kidogo, kidogo tena. Ni njia ya zamani na ina hatari yake, kwa sababu chuma kilichopikwa kikikatika hurusha vipande. Hapo tu ndipo utamwona akivaa miwani bila kukumbushwa.

Kuchomelea kunamkera, ingawa kunafanya kazi kuliko njia zote. Jirani yake mchomeleaji akiitwa, huchukua nati kuukuu kubwa, huiweka juu ya uso wa nati ya loki na kuijaza moto katikati mpaka ziungane. Joto lenyewe linasaidia: nati inapanuka kabla ya stadi, kutu inavunjika, na mara nyingi inatoka kwa spana ya kawaida kana kwamba haikuwahi kugoma. Mzee anasimamia tu, lakini anasimamia kwa ukali. Waya za betri zichomolewe. Ethi ibanwe kwenye nati ya jirani, pale pale gurudumuni, isiwekwe upande wa pili wa gari, maana umeme ukipita kwenye beringi unaila. Gunia lililoloa lizunguke tundu. Na moto uwe mfupi. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, lakini rimu ya aloi hupoteza uimara iliopewa kiwandani mapema zaidi ya hapo, na haitakuambia. Itakaa na uzuri wake mpaka siku ya shimo la barabarani. Kwa sababu hiyo nati iliyozama ndani sana ya tundu haichomelei, hata mteja akilalamika.

Inayobaki ni drili, na hii ni kazi ya uchungu tu. Biti za kawaida zinazimika ncha kwa sekunde. Zinahitajika za kobalti, mwendo wa polepole, mkandamizo mkubwa, na mafuta tone kwa tone. Anatoboa katikati, kufuata moyo wa stadi, akipanua kwa biti kubwa na kubwa zaidi mpaka nati inabaki gamba. Stadi imekufa, inagongwa nje na kuingizwa mpya, ikivutwa mahali pake kwa nati na wosha kadhaa. Kwake hiyo ni kushindwa, ingawa mteja anaondoka akishukuru.

Kuna watakaouliza kama kueleza haya hadharani hakuwanufaishi wezi. Swali hilo lina umri. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs aliikabili kufuli ya kampuni ya Bramah iliyokuwa imewekwa dirishani mwa duka mtaa wa Piccadilly tangu mwishoni mwa karne ya 18, pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayeifungua bila ufunguo wake. Aliifungua, baada ya saa 51 za kazi alizozigawa katika siku 16. Waingereza walifadhaika, magazeti yakabishana, wengine wakasema mambo kama hayo yasisemwe mbele ya watu. Mimi navutiwa na zile saa 51. Kufuli haikuvunjwa, ilikutana na mtu mwenye muda. Nati ya loki nayo inauza muda na si kitu kingine. Mwizi wa rimu usiku ana dakika chache na hataki mlio wa nyundo. Mzee ana alasiri nzima, na mlio wa nyundo Gerezani haumwamshi mtu.

Tena wezi wa mijini kwetu wamehamia kwingine. Ndiyo maana magari ya Dar es Salaam na Nairobi yamechorwa namba za usajili kwenye vioo vya pembeni na taa, na mengine vioo vyake vimepigwa riveti. Hapo pia kuna mafundi wa kuvitoa, na hadithi yao ni ndefu.

Nikiwa kwenye mada ya nati zilizogoma, lazima nizitaje zile za Range Rover na jamaa zake, ambazo hazina loki wala nia mbaya. Hizo ni nati za chuma zilizovikwa kofia nyembamba ya kung'aa. Maji yanaingia kati ya kofia na nati, kutu inavimba, na nati ya milimita 22 inakuwa si 22 tena, wala si 23. Spana ya mwenye gari haiingii. Mafundi wa barabarani huigongelea soketi kubwa kidogo kwa nguvu, na kofia inabaki ndani ya soketi. Mzee huzihesabu kama matusi ya kiwanda. Nati ya loki, anasema, angalau ilimkataa mtu kwa makusudi.

Kazi ikiisha, anapitisha kucha ndani ya nyuzi za stadi, kutoka shina hadi ncha, akitafuta mahali pa kukwama. Kisha anataka nati mpya, na lazima ziwe zimeshanunuliwa kabla hajaanza. Asiyekuja nazo hurudishwa dukani. Anazipima mwenyewe. Za Toyota nyingi zina nyuzi za 12 kwa 1.5, za Nissan na Subaru nyingi 12 kwa 1.25, na ukizikutanisha zitaingia mizunguko miwili mitatu kwa udanganyifu kabla ya kuharibu kila kitu. Anazianza kwa vidole, anazikaza kwa kuruka, moja kisha ya mbali yake, na kumalizia kwa mkono. Mashine ya upepo hairuhusiwi kukaribia. McGard wenyewe wanaikataza kwa nati zao, kwa kuwa ndiyo inayozivunja funguo, na mzee aliyefikia uamuzi huo bila kumsoma McGard hufurahi sana ukimwambia. Mwisho anamwambia mteja arudi kabla hajatembea kilomita 100, zikazwe tena bure. Wengi hawarudi.

Bei yake ni moja kwa kila nati, iwe imetoka kwa dakika tano au imekula saa mbili na soketi tatu. Wateja wa dakika tano hulalamika, wanamwambia, mzee, hii umeigonga tu mara chache. Huwaambia wachukue soketi kwenye ndoo wakagonge za nyumbani. Hapunguzi, na sioni kwa nini apunguze.